Kuhesabu

Mama anauliza kwa simu: kwa hivyo unalipwa
kuwatazama watu wakichoka?
Ndiyo, Mama. Na kuhesabu.

Saa kumi na moja alfajiri, juu ya ghorofa, Kilimani,
baridi ya Julai inang'ata masikio.
Mukhwana, mhasibu, anachuchumaa,
goti likilia kama mlango wa choo cha ploti.
Saba. Nane. Usinidanganye, shuka.

Chuma changu cha kwanza nilikimimina Kayole:
saruji ya kuokota, mikebe miwili ya rangi, bomba katikati.
Upande mmoja ulizidi mwenzake uzito,
ndiyo maana bega hili limeinama.

Tisa, nasema.
Anatetemeka, anacheka, ananitukana kwa Kibukusu.

Kumi naichelewesha kidogo.
Hapo ndipo ulipo mshahara wangu.