Toleo la Mwaka Juzi

Ruta iko juu ya kabati la vyombo,
kati ya birika la wageni na picha ya ubatizo.
Taa nne. Ya tatu haina adabu:
inakonyeza, inazima, inakonyeza tena
kama mwenye habari asiyetaka kuisema.

Saa tatu usiku Awor humpigia mumewe, Doha.
Uso wa bwana huja, husema "Mama Nyaf—",
kisha hukwama, mdomo wazi, jicho moja limefumba,
na mjukuu wangu huuliza kama baba amekuwa picha.

Kampuni iliyoiunda iliacha kuitia viraka
tangu mtoto huyu hajaota meno.
Iliiuza, ikaisusa. Basi yatima tumtafutie mlezi,
nikasema; wapo watu huandika programu
za vyombo vilivyotelekezwa,
bure, usiku, katika nchi nisizozijua.

Oketcho, kitinda mimba wangu, alifurahi kupita kiasi.
"Tuweke ya leo asubuhi, mama! Imetoka jikoni sasa hivi,
ina grafu, ina rangi!"
Cha jikoni huunguza ulimi, nikamjibu.
Hakucheka. Alishaiua moja, ya jirani yetu Ochwo;
mpaka leo inazuia mlango wa banda la kuku.
Tofali, ndivyo mafundi wenyewe wanavyoiita,
na hapa Tororo tofali tunazo za kutosha.

Mimi nilikuwa opereta wa simu, Posta, miaka kumi na tisa.
Ubao wa matundu hamsini, plagi za shaba,
Mbale mkono huu, Malaba mkono huu.
Hakuna aliyewahi kushukuru laini isiyokatika.
Jina langu walilijua siku ilipokufa.

Nikaipindua ruta, nikavaa miwani,
nikasoma kibandiko, herufi kama mayai ya chawa.
Modeli ile ile, lakini maunzi ya tatu, si ya pili:
tarakimu moja tu, na ndiyo iliyoiua ya Ochwo.
Kumbukumbu, megabaiti nane.
Nyumba ya chumba kimoja, usiiletee kabati la milango sita.

Matoleo kumi na moja.
La leo asubuhi ni la majaribio.
La mwezi jana, waundaji wenyewe wamekiri kwa maandishi madogo
kwamba redio huzima ikipata joto,
nasi tunaishi chini ya mabati.
La mwaka juzi lina maelezo ya maneno mawili:
Hakuna jipya.
Nikalipenda kama unavyompenda mkwe asiyepiga kelele.

Umeme wetu mnaujua.
Kuandika ni dakika tatu, na dakika tatu hapa ni ahadi kubwa.
Nikaazima betri ya bodaboda ya Ochwo;
aliitoa huku akiitazama ruta kama anayeaga maiti.
Kwa waya, nikasisitiza, si kwa hewa.
Oketcho akabonyeza.

Taa zote zikazima.

Nilihesabu kimoyomoyo, kwa lugha ya mama yangu,
kama zamani nikingoja Kampala ipokee.
Nikafika mia na themanini. Nikaendelea.
Oketcho alikuwa ameshika kichwa.
Kisha moja. Kisha ya pili.
Ya tatu ikawaka, ikatulia
kama mtoto aliyeshiba.

Usiku ule bwana hakukwama.
Alisogea, akajikuna shavu,
akanywa maji mpaka mwisho wa glasi,
na ndipo Awor, baada ya miezi ya uso uliosimama,
alipoona jinsi alivyokonda.
Laini ilikuwa safi mno,
tulisikia hadi feni ya dari kule.

"Unakula?"
"Nakula."

Na picha haikukatika kumsaidia.