Mbio ya Sita

Saa tisa alasiri, na giza limekwisha tanda Petäjäsuo.
Mimi, Sirkka Räihä, katibu wa uwanja,
mpokea simu, mpiga hesabu, mfungua choo cha wageni,
nahesabu farasi wa kesho
kama mjane ahesabuye chenji.

Agizo la makao makuu ni fupi:
mbio kumi kwa siku, farasi sita kwa kila mbio.
Ukipungukiwa, ruzuku hukatwa nusu,
na nusu ya ruzuku ni daktari wa mifugo bila gari la wagonjwa,
au gari la wagonjwa bila daktari.
Chagua, wanasema. Kwa barua pepe. Kwa heshima.

Kamari imehamia kwenye simu.
Kijana wa hapa hulala chali sofani
akimwekea dau farasi wa Ufaransa asiyemjua hata harufu,
na jukwaa letu la watu elfu mbili
mara ya mwisho lilikuwa na tisini na mmoja,
nikijihesabu mimi na muuza soseji.
Trekta la kusawazisha njia limekufa gia.
Bima imepanda. Dizeli imepanda. Umri wa waamuzi umepanda.
Kinachoshuka ni theluji,
nayo hushukia paa linalovuja.

Leo ikaja barua ya maabara.
Mkojo wa Halla, farasi jike wa Oiva Pesonen,
umekutwa na dawa ya kuchua.
Si nyingi. Chembe ya chembe.
Oiva ana miaka sabini na minne na vidole vinane;
hujichua goti usiku, kisha kwa mikono ileile
humkanda Halla miguu.
Najua. Dawa hiyo niliinusa kanisani
siku Oiva aliposhika pembe ya jeneza la baba yangu.

Mbio ya sita ina farasi sita.
Ukimtoa Halla, watano.
Watano si mbio.

Mwenyekiti Tapani akafunga mlango, akasema polepole:
"Barua huchelewa, Sirkka. Posta ya siku hizi.
Hii ingeweza kufika Jumatatu."

Sheria ni msumeno, sawa.
Msumeno nimeushika mimi,
na tawi nimelikalia mimi.

Katika mchezo wetu farasi hakimbii apendavyo.
Huvuta kigari kwa telki, miguu ikipokezana mshazari,
na akimaliza kwa shoti,
hata awe mbele kwa urefu wa ghala,
hakushinda kitu.
Hilo mtoto wa shule wa hapa analijua kabla ya kujua kusoma saa.

Nikaweka sahihi. Siku thelathini nje.
Nikampigia Oiva mwenyewe, nisimwachie karani,
maana karani ni mimi.
Akanyamaza. Nikasikia birika likichemka kwake.
"Goti ni langu," akasema, "si lake."
Akakata.

Usiku kucha nilipiga hesabu za nusu.

Asubuhi, taa zikiwa bado zinapambana na giza,
nikasikia chuma kikikwaruza barafu.
Oiva, kofia hadi nyusini,
amemfunga Halla haro ya babu yake,
wanaisawazisha njia, mzunguko baada ya mzunguko,
mvuke wa farasi na mvuke wa mtu ukichanganyika.

"Umefungiwa," nikamwambia kutoka kwenye uzio.

"Kushindana," akasema. "Hii haina leseni."

Walipozunguka tena akaongeza, bila kunitazama:
"Mbio tisa nazo zinataka njia."

Halla akapita.
Hakwenda shoti, hakwenda hata telki.
Alitembea, akitikisa kichwa kwa ule uzito wa chuma,
na nyuma yake mchanga ukalala kimya, umechanwa vizuri.

Nikarudi ndani, nikafungua choo cha wageni,
nikawasha taa za jukwaa,
zile zinazowaka.