Saa Moja Iliyopita

Umeme hurudi Kadutu saa nane za usiku.
Friji inakohoa, taa ya ukumbini inanichoma macho,
Birindwa anageukia ukuta na kuvuta pumzi ndefu.
Ndipo nashuka kitandani kwa ncha za vidole,
kama mwizi wa sukari.

Kompyuta iko sebuleni, chini ya kitambaa
nilichokifuma mwenyewe, maua meupe na kijani.
Inachelewa kuamka; hata mimi nachelewa.
Naandika kwa kidole kimoja, k, u, o, g,
na kabla sijamaliza imekwisha kujua ninachotaka.
Hilo linanitisha kuliko giza.

Mwanamke mwenye kofia ya mpira ananifundisha.
Sauti nimeizima. Mdomo wake unafumbua, unafumba.
Mkono wa kulia uchote, wa kushoto usukume,
uso uinamie maji, puani zitoke povu.
Nami juu ya kigoda, kitenge kimefungwa kifuani,
nachota hewa ya sebule, naisukuma
hadi kalenda ya parokia inatikisika ukutani.

Nina miaka hamsini na tisa.
Ziwa hili naliona kila asubuhi tangu nizaliwe,
nimefulia humo nepi za watoto sita,
nimekula sambaza wake wakavu na wabichi,
na halijawahi kunivuka magoti.
Ni tangu ile boti ya Idjwi.
Tangu Ntakwinja, dada yangu, na debe lake la maharage.
Debe lilipatikana.
Mama akasema: maji yale msiyasogelee tena.
Hatukuyasogelea. Mama amekufa, na bado hatuyasogelei.

Halafu inakuja kazi ya kufuta.
Asifiwe, mjukuu wangu, alinionyesha pasipo kujua:
alikuwa anafuta ya kwake, nami pembeni nachambua mchele.
Bonyeza hapa, historia. Weka alama kwenye vidakuzi.
Kisha inakuuliza, kwa adabu kama karani wa posta:
saa moja iliyopita, siku moja, wiki nne,
au tangu mwanzo?

Tangu mwanzo.
Kidole changu husimama hapo, kila usiku.
Nikibonyeza, je, na ile asubuhi ya boti itakwenda?
Na kicheko chake, pengo la jino la juu,
na jinsi alivyoniachia kanga yake nimshikie, narudi sasa hivi?
Nachagua saa moja. Saa moja yanitosha.

Najua si dhambi. Padri hana hata jina la kuipa.
Lakini wakijua watacheka;
au hawatacheka, na hiyo ni mbaya zaidi:
Birindwa atavuta kiti, atashika mikono yangu miwili
na kunikumbusha umri wangu polepole, kama daktari.

Kwa hiyo nafuta. Narudisha kitambaa, maua yatazame mlango.
Kigoda nakirudisha jikoni.
Nalala, nywele kavu, mabega yanauma.

Jana asubuhi, akichovya mkate kwenye chai,
Birindwa alisema bila kuinua macho:
siku hizi unapiga mateke usingizini.
Mguu mmoja, halafu mwingine. Kwa mpangilio.
Nikasema, mbu.
Akasema, mbu, eeh. Akakoroga chai iliyokwisha korogwa.
Kisha akaniuliza kama nakumbuka uliko
ule mpira wa ndani wa tairi, wa lile gari tuliloliuza.

Nikasema sikumbuki.

Uko stoo, nyuma ya gunia la makaa.
Jumamosi niliujaza kwa pampu ya jirani, nikaukumbatia,
nikausikiliza kama hauvuji,
nikautoa hewa yote, nikaukunja vilevile ulivyokuwa,
na kwa ncha ya kitenge
nikapangusa alama za vidole vyangu kwenye vumbi.
Sikujua kwamba vumbi lenyewe likikosekana
mtu mwenye macho ataona.