Sweta

Niliajiriwa kupiga chapa. Nikapandishwa cheo
kwa sababu mwandishi wa filamu alikwenda Kagera
akaniachia mashine yake, herufi R imelegea.
Februari ya sabini na tisa, stesheni ya Moshi:
mikanda mitatu, kamera moja,
na Mwanaidi wa Pangani aliyeishika kama mtoto wa watu.

Mama Ndelilio tulimtoa Kiborloni, kwenye mbege yake,
tukamwahidi kilo mbili za sukari.
Mwanajeshi wetu alikuwa karani wa posta,
buti za kuazima, zote za kushoto.
"Miguu usiionyeshe," nikamwambia Mwanaidi.
"Na uso je?" akauliza.

Niliandika: *Nenda, mwanangu. Taifa linakuita.*
Mara ya kwanza mama akacheka.
Mara ya pili jogoo wa mkuu wa stesheni
akalihutubia taifa kabla yake.
Mara ya tatu tukampa kitunguu. Akapiga chafya,
na karani, mtoto mwenye adabu,
akasema, "Pole, mama."

Mkanda wa mwisho.
Kitunguu akakitupa relini.
Akamfunga karani kifungo cha shingoni, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji.
"Sweta umechukua?"
Hayo hayakuwamo kwenye karatasi.
"Nimechukua," karani akabahatisha.
"Usinidanganye. Lile la kijani liko kambani, bado bichi.
Nimelishika asubuhi hii."

Mwanaidi hakuzima.
Treni ya mizigo ikaondoka na sukari ya watu.

Mkaguzi akaja kutoka Dar, suti ya Kaunda, kalamu nyekundu.
"Mama wa shujaa haulizi sweta."
Mkasi nikapewa mimi, eti nimezoea cherehani.
Sekunde kumi na nne. Nilizikunja
nikazitia kwenye kopo la kahawa.

Tulionyesha ukutani, ghala la chama cha ushirika,
watu wamekalia magunia.
Kifungo kikafungwa. Picha ikaruka. Treni.
Kimya.
Kisha gizani, nyuma kabisa, sauti ya mwanamke:
"Huyo mtoto, sweta je?"
Mwingine akadakia kwa Kichaga. Wakacheka,
kicheko kikazunguka magunia
hadi mahali fulani, kikakaa chini.

Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Mama Ndelilio hakuja kutazama.
Sukari ilimfikia kilo moja na nusu.
Alimtuma binti yake aje kuuliza
nusu iliyobaki iko wapi.