Kituo

Kwenye mchoro wangu kilikuwa na paa la kioo,
skrini ya kusema basi la Kondele limefika wapi,
nguzo ya kuchaji simu, kamera mbili,
na benchini, watu wembamba wa kompyuta
wasiobeba kitu.

Nilikichora ghorofa ya tatu, ofisi mpya ya kaunti,
ambayo taa zake zinajua kama mtu yupo.
Zinajua kwa mikono. Ukitulia ukafikiri,
dakika saba, giza.
Basi tulikuwa tukifikiri huku tunapunga hewani,
mimi, Chelagat, na Shiundu wa hesabu,
kama watu wanaomuaga mgeni asiyeondoka.

Tukaita mkutano Nyalenda,
ukumbi wa kanisa, soda na mandazi.
Nikauonyesha ukutani mji wenye akili.
Wakautazama kwa adabu
jinsi unavyotazama picha za harusi ya watu usiowajua.

Akasimama Perpetua Awino, muuza mchele.
"Hapo nitatua wapi?"

Nikamwonyesha benchi.
"Hilo ni la makalio. Nauliza la kichwa."

Kisha, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba:
kilo thelathini za Ahero haziinamiwi.
Ukiinama zinakuangusha. Ukizishusha chini
nani atakutwika tena? Huyo anayechaji simu?
Kila mwenye mabega hapo huwa ana haraka.
Mimi nikishuka gari natembea hadi Kibuye bila kupumzika,
si kwamba nina nguvu,
ila hakuna ukuta wa kimo changu.

Nilirudi nikakaa na neno lake hadi taa zikazimika.
Sikupunga.
Kutua. Kituo.
Miaka minane nachora vituo
na sikuwahi kulisikia tendo ndani ya jina.
Hata shairi lina kituo, mstari ule wa mwisho
msomaji anaposhusha pumzi;
mimi nilimpangia mpita njia ubeti juu ya ubeti,
apande tu, apande.

Gizani Shiundu akauliza, "Uko?"
Nikasema niko. Taa hazikuamini.

Alhamisi Awino akaja ofisini tumpime.
Chelagat akashika futi, yeye akasimama wima
kama wa picha ya kitambulisho, kimya,
hadi giza likatukuta, akacheka peke yake.
Sakafuni hadi kifuani: mia moja ishirini na sita.

Tukamwaga zege, bamba pana kama meza ya watu wawili,
chini ya mjakaranda uliokuwa ukatwe ili kamera ione.
Kamera moja nikaifuta.
Skrini ilikwisha lipiwa, ikabaki.

Mvua za Aprili zilipokatika nikapita.
Skrini imekufa, imeng'ang'ania saa tisa ya siku fulani.
Lakini bamba!
Fundi ameweka msumeno na chupa ya chai,
mvulana wa shule anamalizia hesabu akiwa wima,
mwenye bodaboda ameanika koti,
na trei ya mayai imekaa hapo haina mwenyewe,
wala hakuna anayeigusa.

Awino akaja. Nilingoja asante, sitaficha.
Akasogeza tofali kwa mguu, akalipanda,
akatua, akazungusha shingo ikalia,
ndipo akaniona.

"Ni refu. Vidole viwili."

Haiwezekani, nikasema, tulikupima.

"Mlinipima na viatu vya ofisini kwenu."

Akanyanyua mguu:
ndara ya bluu, imeliwa kisigino.

Nikachuchumaa pale vumbini nikatoa futi.
Sentimita moja, kasoro.