Maji ya Shimo Namba Tatu

Gurudumu la lifti wamelisimamisha uwanjani,
nusu imezikwa kwenye zege, nusu iko hewani,
limepakwa rangi ya kijivu isiyoshika kutu.
Chini yake bamba la shaba: mwaka wa kufunguliwa,
mwaka wa kufungwa, majina mia na kumi na saba,
na mstari mwembamba, kama ulioongezwa baadaye:
sasa maji yake yanapasha joto nyumba zetu.

Siku ya uzinduzi palikuwa na manyunyu.
Meya alikata utepe, mkasi ukagoma, akakata tena.
Bendi ya wachimbaji ilipiga. Imebaki na watu sita,
wanne kati yao hawajawahi kushika sururu.

Bi Philomène Quadvlieg hakwenda.
Niligonga kwake kesho yake. Mimi ni msoma mita tu,
mlango kwa mlango, kalamu sikioni,
nahesabu joto linalopanda kutoka mita mia saba chini,
kule makaa ya mawe yalikochimbwa
hadi pampu zikazimwa, maji yakajaza njia zote.

Alikuwa ameanika soksi juu ya rejeta, dirishani.
“Digrii ngapi leo?”
“Ishirini na nane, yakitoka shimoni.”
Akacheka kwa pua. “Giel angekwambia ni zaidi.
Alichimba kifua wazi, suruali kaikata magotini,
jasho akilimimina kutoka kwenye viatu.”

Kisha akauliza, bila kunitazama,
kama maji yale huwa yanabadilishwa.
Nikamwambia hapana. Yanapanda, yanatoa joto,
yanarudi kulekule. Ni yaleyale.
“Basi na jasho lake limo.”

Mchumia juani hulia kivulini, husemwa.
Na aliyechumia gizani, miaka ishirini na mmoja,
halafu akakohoa vumbi jeusi kwenye leso nyeupe
mpaka leso zikaisha kabatini?
Yeye hakulia kivulini wala kokote.
Aliyebaki ndiye anayelia;
amua mwenyewe, kwa sahani au kwa chozi.

Alizisogeza soksi, akainama polepole,
akazungusha valvu kutoka nne hadi mbili.
“Inatosha,” akasema. “Tusimchoshe.”

Nikaandika: uniti mia nne na mbili.
Nikipita uwanjani nilivua glovu, nikaligusa gurudumu.
Baridi, kama chuma chochote.