Chupa Kutoka Maji ya Chai

Niliivisha soksi, nikaizungushia kitenge,
nikaiweka katikati ya sanduku,
mahali pa sweta.
Pale KIA mpekuzi akaitikisa:
"Kwani huko uendako hakuna maji?"
Nikacheka mdomo umefumba, kama nilivyozoea.

Ndivyo tulivyobadilishana, mimi na Zofia.
Muhula mmoja mimi kwao, Gdansk;
yeye Chuo cha Ufundi, Arusha, analala kwetu,
kitanda changu, neti yangu, tundu la neti
nililoliziba kwa uzi mwekundu.
Wahandisi wa maji watarajiwa, wote wawili.
Mama akampikia loshoro,
akajifunza jina lake siku tatu, akaishia "Sofia."

Gdansk waliniambia tabasamu, ni picha ya kitambulisho.
Sikutabasamu.
Kwetu meno haya ni ya kila mtu, hakuna ayaonaye.
Nilipopanda ndege ndipo yakawa kahawia.
Na maji yao ya bomba hayana ladha yoyote;
wiki ya kwanza nilikunywa bila kukata kiu,
kama mtu anayebisha hodi na haitikiwi.

Novemba, giza saa kumi jioni,
nikaivua chupa soksi yake.
Nikamimina mililita hamsini za kwetu
ndani ya kopo la kioo, nikatumbukiza kipimo.
Namba ikapanda, ikasita, ikapanda tena.
Kumi na nne nukta mbili.
Msimamizi wa maabara akadhani kifaa kimeharibika,
akakisuuza, akarudia yeye mwenyewe.
Kumi na nne nukta mbili.
Nikaandika daftarini kwa kalamu ya wino
utoto wangu wote, hadi sehemu moja ya desimali.

Usiku huo Zofia akanitumia ujumbe:
Mama yako ananipenda mno.
Maji yangu ya kunywa anayachemsha mara mbili.

Nilikaa na simu mkononi.
Mama, moto unaua vijidudu.
Floraidi haifi. Maji yanatoka na mvuke, yenyewe inabaki,
kila unapochochea ukuni unamzidishia mgeni.
Nitamwandikiaje haya mwanamke
anayeamka alfajiri kumchemshia mtoto wa watu?
Niliandika: Msalimie. Mwambie huku baridi.

Nimerudi na ndoo mbili zilizopandana,
katikati mkaa wa mifupa, chini kijibomba.
Mama aliuliza mifupa ni ya ng'ombe gani,
na aliyemchinja ni nani.
Akaonja.
"Haya yamekufa," akasema.
Kisha mtambo wangu akauweka sebuleni, pembeni ya televisheni,
akaufunika kitambaa alichokifuma kwa mkono wake.
Mchungaji Akyoo alipopita alipewa humo.
Aliyekuja kusoma mita ya umeme naye akapewa humo, kwa sahani.
Sisi tunakunywa ya dumu la jikoni.

Juzi Nakaaya wa dada yangu ameng'oka jino.
Amelirusha juu ya bati, anasubiri jipya.
Nikamwambia afungue mdomo nione:
pengo jekundu, safi.
Najua kilichomo chini ya ufizi.
Lile jino limekwisha kuumbwa,
limekunywa miaka sita kabla ya kuona jua.
Lakini mgongoni amembeba mdogo wake,
na huyo ana mawili tu, ya chini,
madogo kama punje za mchele.

Nikachukua kikombe cha plastiki,
nikaenda sebuleni, nikafunua kitambaa.
"Huo wa wageni!" Mama akasema kutoka jikoni.
Hakuja kutazama; amekwisha kuujua mlio wa kijibomba.

"Ana miezi minane, Mama.
Amefika juzi tu."

Sufuria ikaendelea kutokota.